Pumzi ya Kwanza Mlangoni

Hotuba ya Kamati ya Majengo, iliyosomwa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu



Tumepewa nafasi kati ya bhajan na chakula, na tunajua vema ni kipi kati ya hivyo viwili kinachongojewa kwa hamu zaidi. Wenzetu waliotangulia wamekwisha kusimulia habari za waasisi, nasi hatutazirudia. Sisi tuliombwa tuzungumze juu ya ukumbi mpya. Huenda mlitarajia kusomewa hesabu za saruji, nondo na kokoto. Hesabu hizo zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na kila mwenye haja azisome. Tutasema juu ya jambo lisilokuwamo katika hesabu hizo, nalo ni hewa ya ndani ya jengo, na jinsi kuta, sakafu na dari zinavyoifanya ipokewe au ikataliwe na pua ya mtu aingiaye. Hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe.

Wengi wenu mnakikumbuka chumba cha chini kilicho ubavuni mwa ua, ambamo watoto husoma siku za Jumapili na wazee hukusanyika kwa satsang alasiri. Kilikuwa chumba cha zamani, chenye kuta nene za mawe ya matumbawe, lipu ya chokaa, sakafu ya saruji iliyosuguliwa, na madirisha marefu ya mbao yaliyopitisha upepo hata yakiwa yamefungwa. Miaka michache iliyopita tuliona kimechakaa, tukakikarabati kwa nia njema na kwa haraka, kwa kuwa Diwali ilikuwa inabisha hodi. Lipu ya chokaa ilibanduliwa, ikapigwa ya saruji. Juu yake ikapakwa rangi ya mafuta inayong'aa. Nusu ya chini ya kuta ikafunikwa kwa mbao zile za unga wa mti uliogandishwa kwa gundi, ambazo mafundi huziita MDF. Sakafu ikavishwa zulia la nailoni lililogundishwa toka ukuta hadi ukuta, dari ikashushwa, madirisha mawili yakazibwa ili kiyoyozi kisitumie umeme bure. Mkandarasi hana lawama hapa. Tulichoagiza ndicho alichoweka, na tulipokipokea chumba tulikisifu.

Wiki ya kwanza, mama yetu mzee ambaye sote, na hata majirani, twamwita Ba, aliingia, akakaa, na kabla ya bhajan ya pili kwisha akanyanyuka, akatoka, akaketi barazani. Tulipomfuata alisema chumba kina harufu ya duka. Hakusema kinanuka, alisema kina harufu ya duka. Tulimjibu kwa adabu, lakini tulimjibu: Ba, huo ni upya tu, utakwisha, na labda ni umri pia. Hakubishana nasi. Tangu siku hiyo aliweka kiti chake barazani na kusikiliza kupitia mlangoni. Baada ya mwezi mmoja viti vya barazani vilikuwa saba. Mwalimu wa Jumapili naye alitueleza kwamba watoto wanafikicha macho na wanaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji mara kwa mara kuliko zamani. Tuliambizana kwamba watoto ndivyo walivyo.

Sisi wanakamati hatukusikia harufu yoyote. Tulikuwa tumekaa mle wiki nzima nzima wakati wa kazi, na baadaye tulifanyia mle vikao vyetu. Tulitoka tukiumwa na vichwa, na lawama tukaitupia hesabu za mweka hazina.

Aliyetufumbua macho, au tuseme pua, ni jirani yetu, fundi mzee wa mawe na chokaa, ambaye leo yupo hapa ingawa ametukataza tusimtaje jina. Alikuja siku moja kuazima ngazi. Alipofika mlangoni alisimama, hakuvuka kizingiti. Akatuuliza, "Wanangu, humu mnakaaje?" Tukamwambia, "Mzee, mbona sisi hatuoni kitu?" Hakutujibu. Alituamuru tutoke sote, akatuketisha uani penye upepo, akaagiza kahawa, akatuhadithia habari za nyumba alizozijenga, na kila mmoja wetu alipotaka kuondoka alimshika mkono. Ilipotimia kama nusu saa akasema, "Haya, ingieni sasa, na kila mtu avute pumzi moja tu." Tuliingia. Tulitazamana. Hakuna aliyehitaji kuambiwa neno.

Tulikuja kujua baadaye kwamba jambo alilotufanyia mzee yule kwa kikombe cha kahawa ni utaratibu unaotumiwa na wataalamu. Aliyeupa sura ya kipimo ni P. Ole Fanger, profesa wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark. Kabla yake hewa ya ndani ilihukumiwa zaidi kwa wingi wa watu. Mwanasayansi Mjerumani Max von Pettenkofer wa Munich alipendekeza mwaka 1858 kwamba hewa ya ukaa katika chumba isizidi sehemu 1 katika 1,000, kwa sababu watu wakiwa wengi na upepo ukiwa haba hewa hiyo hupanda pamoja na harufu ya miili. Kwa zaidi ya miaka mia moja waliomfuata walifanya hesabu kana kwamba kinachochafua chumba ni mwanadamu peke yake.

Mwaka 1988 Fanger alitangaza kipimo alichokiita olfu, kutokana na neno la Kilatini la kunusa. Olfu 1 ni uchafuzi wa hewa utokao kwa mtu mmoja wa kawaida aliyeketi akifanya kazi ya ofisini. Mtu huyo wa kipimo alielezwa kwa makini, pamoja na idadi ya kuoga kwake, ambayo ni mara 0.7 kwa siku. Sisi wa pwani, tunaooga asubuhi na jioni na bado tunalowa jasho, tuliposoma hayo tulicheka kidogo. Lakini kila kipimo lazima kiwe na pa kuanzia. Fanger na wenzake walichagua ofisi 15 na kumbi 5 mjini Copenhagen, wakakusanya waamuzi 54, wakawapitisha katika vyumba hivyo mara tatu: mara ya kwanza vikiwa vitupu na mitambo ya hewa imezimwa, mara ya pili vikiwa vitupu na mitambo inafanya kazi, mara ya tatu vikiwa na watu ndani. Kila mwamuzi alisema tu kama hewa aliyoikuta inakubalika au haikubaliki, papo hapo alipoingia.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi, nasi yalitushtua. Katika zile ofisi, kwa kila mtu mmoja aliyeketi ndani, palikuwapo uchafuzi mwingine ulio sawa na watu 6 au 7 wasioonekana. Uchafuzi wa watu 1 hadi 2 ulitoka katika vifaa vya chumba chenyewe, wa watu 3 katika mitambo ya kuingizia hewa, na wa watu 2 katika moshi wa tumbaku. Kwa maneno mengine, chumba kilichofungwa kwa kufuli, kisicho na mtu, kinaweza kuwa kimejaa. Tulipokifikiria chumba chetu kile na wazee wetu ishirini, tuliona kwamba tulikuwa tumewaketisha humo pamoja na umati ambao sisi wenyewe tuliualika.

Kuna jaribio jingine la Denmark, lililotangazwa mwaka 1999, ambalo hatuwezi kulipita. Pawel Wargocki na wenzake walichukua ofisi ya kawaida, wakaweka nyuma ya pazia zulia kuukuu lililokwisha kutumika miaka 20, mahali ambapo wafanyakazi hawakuweza kuliona. Wanawake 30, kwa makundi ya sita sita, walifanya kazi mle kwa zaidi ya saa nne, siku moja zulia likiwapo na siku nyingine likiwa limeondolewa. Hawakujua ni siku ipi. Siku za zulia waliiona hewa kuwa mbaya zaidi, waliumwa na kichwa zaidi, na waliandika kwa mashine polepole zaidi kwa asilimia 6.5. Hapo tuliwakumbuka watoto wetu wa Jumapili, na maneno tuliyoambizana juu yao.

Sasa, kwa nini vifaa vya ujenzi vinanuka, na kwa nini vingine vinawasha hata visiponuka? Rangi ya mafuta ni rangi na gundi zilizoyeyushwa katika kiyeyushi. Kiyeyushi hicho lazima kiondoke ili rangi ikauke, na hakina pa kwenda ila hewani mwa chumba. Sehemu kubwa huondoka siku na wiki za mwanzo, kisha mabaki hutoka kidogo kidogo. Hilo ndilo lile tulilomwambia Ba kwamba litakwisha, na katika rangi tulikuwa tumesema kweli kwa nusu.

Katika mbao za MDF, chipubodi na plaiwudi ya bei nafuu hatukusema kweli hata kwa robo. Gundi inayotumika kwa kawaida katika mbao hizo imetengenezwa kwa urea na formaldehaidi, na gundi hiyo ina tabia moja inayotuhusu sana sisi watu wa pwani: unyevu na joto huivunja taratibu, nayo kila inapovunjika hutoa formaldehaidi. Haitoki mara moja ikakoma. Inaendelea kwa miaka, na wakati wa joto la kaskazi hutoka zaidi. Ni hewa isiyo na rangi, yenye kuchoma macho na koo. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2010 mpaka wa miligramu 0.1 katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa muda wa nusu saa, na tangu mwaka 2004 wakala wa utafiti wa saratani wa shirika hilo umeiweka katika orodha ya vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mbao zenye alama E1 hutoa kidogo kuliko zenye alama E2. Tulikwenda kutazama migongo ya mbao tulizozinunua; hazikuwa na alama yoyote.

Pua huzoea harufu katika dakika chache, hasa harufu ya miili ya watu. Macho na koo hayana subira hiyo, na mengi yatokayo katika gundi na rangi huwasha kuliko kunuka. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa hasikii tena harufu yoyote na bado anafikicha macho. Tunalisema hili kwa sababu mpaka leo baadhi ya wenzetu hujibu malalamiko kwa kusema, "Mbona sisi tuliomo ndani hatusikii kitu?" Aliyemo ndani ndiye shahidi dhaifu kuliko wote.

Kuhusu zulia tuna maneno marefu kidogo, na mtaona baadaye kwa nini. Wataalamu wa Denmark waliochunguza majengo ya halmashauri za miji katika miaka ya 1980 waligundua kwamba malalamiko ya watumishi yalipanda pamoja na vitu viwili: wingi wa vitambaa, mazulia na mapazia kwa kulinganisha na ukubwa wa chumba, na urefu wa rafu zilizo wazi. Vyote viwili hukamata vumbi. Lakini kitambaa kina kazi nyingine ya siri: hunyonya mvuke na harufu chumba kinapochafuka, kisha huzirudisha hewani chumba kinapotulia. Sisi ni watu wa udi, kafuri na taa za samli. Hatuoni haya kwa hilo, wala hatukuja kuwaambia mzime taa. Hata hivyo moshi ni moshi, una chembe ndogo zinazoingia mapafuni, na ukiwa ni moshi wa ibada haubadiliki tabia. Katika ukumbi wa mawe wenye madirisha, moshi wa aarti ya jioni hutoka na upepo. Katika chumba chetu kilichovishwa nailoni, aarti ya Jumatatu ilikuwa bado inatoka zuliani siku ya Alhamisi, imechanganyika na miguu, maziwa yaliyomwagika, na maji ya kiyoyozi.

Na chini ya zulia? Tulipolibandua tulikuta sakafu nyeusi. Ardhi ya mji huu ni ya chumvi na maji hayako mbali. Unyevu hupanda kupitia zege, na zamani ulikuwa ukipanda, ukafika juu, ukachukuliwa na upepo bila mtu kujua. Sisi tuliufunga. Nyuma ya zile mbao za ukutani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ukuta wa matumbawe hunywa maji ya masika na huyatoa wakati wa kiangazi, na tulikuwa tumeupiga saruji na rangi ya mafuta, kisha tukauvisha. Kuvu ilikuwa imetambaa kutoka pembe hadi pembe. Kiswahili kina neno uvundo kwa harufu ile, na hatujui neno jingine linaloitosha. Ile harufu ya duka aliyoisikia Ba mwanzoni ilikuwa kweli ya upya. Iliyofuata baada yake ilikuwa ya uozo, na sisi hatukusikia zamu zilipobadilishana.

Mzee fundi alituletea kipande cha lipu ya zamani tuliyoitupa, akakiweka mezani karibu na kipande cha lipu mpya, akamwagia kila kimoja kijiko cha maji. Ya chokaa ilikunywa mara moja. Ile iliyopakwa rangi ilibaki na tone juu, linang'aa. Akatueleza namna chokaa ilivyokuwa ikipatikana pwani hii: matumbawe hupangwa juu ya magogo, huchomwa, hubaki chokaa, huzimwa kwa maji na kuachwa itulie. Ikipakwa ukutani huvuta kutoka hewani ile hewa ya ukaa iliyotoka motoni na kurudi kuwa jiwe. Ni kali kwa kuvu, ndiyo sababu ukuta uliopakwa chokaa kila mwaka haufugi koga kwa urahisi. Nyumba za kale za Lamu, Mombasa na Unguja zimejengwa hivyo, zenye vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haiwi ndefu, na dari za juu ili joto lipande mbali na vichwa vya watu. Na miongoni mwa waliotutangulia sisi kuja pwani hii walikuwamo mafundi wa mawe kutoka Kachchh, ambao hawakuhitaji kufundishwa maana ya chokaa. Sisi wajukuu ndio tuliokuwa tumesahau.

Tusije tukaeleweka vibaya, na hasa vijana wetu wahandisi wasije wakatukasirikia. Hatusemi kwamba cha kale ni safi na cha kiwandani ni najisi. Rangi ya mafuta ya kitani, ambayo ni mafuta ya mmea, hukauka kwa kuungana na hewa na hutoa harufu kali kwa muda mrefu. Mbao mpya za msonobari hutoa mvuke wake wenyewe. Mkeka wa ukindu ukiachwa juu ya sakafu yenye maji utavunda kama kitu kingine chochote. Tofauti ni kwamba mkeka hukunjwa, hutolewa uani, huanikwa juani. Zulia lililogundishwa halina jua lake. Saruji nayo hatuigombi. Ukumbi mpya umesimama juu yake. Swali tunalojiuliza sasa juu ya kila kifaa ni dogo: kinatoa nini, kwa muda gani, na kikilowa tutakikausha vipi?

Jambo jingine ambalo watu wa nchi za baridi wanaweza kulipuuza, sisi hatuwezi. Mwaka 1998 Fang, Clausen na Fanger huyo huyo walionyesha kwamba hewa ile ile, yenye uchafu ule ule, huonekana nzito na mbaya zaidi ikiwa ya joto na unyevu, na ikifika joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 70 watu huikataa hata ikiwa safi. Nyuzi 28 na asilimia 70 kwetu ni asubuhi nzuri! Maana yake ni kwamba mgeni aingiaye ukumbini mwetu tayari pua yake imechoka kabla hatujaongeza chetu. Kiyoyozi husaidia hapo, hatukatai, kwa kuwa hupunguza joto na unyevu pamoja. Lakini vingi vya vile vinavyotundikwa ukutani huzungusha hewa iliyomo ndani tu, haviingizi mpya. Tulidhani tumenunua upepo. Tulikuwa tumenunua ubaridi.

Na pua nayo ina mipaka. Asbesto haina harufu. Risasi iliyomo katika rangi kuukuu haina harufu, na anayekwangua rangi hiyo kwa msasa mkavu huwapumzisha watoto sumu bila mtu kukunja uso. Moshi wa jenereta huwa na hewa iuayo isiyonuka kabisa. Kwa hiyo tunaposema tuiamini pumzi ya kwanza, tunasema inapolalamika isikilizwe. Ikinyamaza, bado kuna kazi ya kuuliza.

Chumba kile tumekirekebisha, na gharama ya kuondoa imekuwa nzito kuliko tulivyopenda kuiandika. Zulia na mbao vimekwenda. Saruji imebanduliwa hadi kwenye jiwe, na ukuta uliachwa wazi msimu mzima wa kaskazi ukauke, jambo lililowaudhi baadhi yenu mliotaka kuutumia kwa harusi, na tunawaomba radhi. Mzee fundi aliwasimamia vijana wanne wa mtaani kupiga lipu ya chokaa, na wawili kati yao sasa wanaifanya kazi hiyo mahali pengine. Madirisha mawili yamefunguliwa. Sakafu iko wazi na ina mikeka, inayoanikwa kila Ijumaa. Hatukuwa na chombo cha kupimia, kwa hiyo hatutawapa tarakimu. Tunaweza kuwaambia tu kwamba viti vya barazani vimepungua kutoka saba hadi kimoja, na hicho kimoja ni cha Ba, ambaye anasema amekwisha kupazoea pale, na upepo wa pale ni mzuri.

Sasa tufike kwenye ukumbi mpya, ambao kwa ajili yake tumesema yote haya. Kamati inaomba ridhaa yenu juu ya mambo mawili, na yote mawili yanauma.

La kwanza ni tarehe. Mliahidiwa kwamba ukumbi utafunguliwa mwezi ujao. Kuta zitakuwa zimepakwa kwa wakati huo, lakini hazitakuwa zimetoa pumzi zao. Tunaomba ukumbi ukae wazi, milango na madirisha, kwa majuma sita baada ya brashi ya mwisho, kabla mtoto hajaketi ndani. Kadi za mwaliko zimekwisha kuchapwa na tunajua zimegharimu. Tumeziona ni nzuri.

La pili ni zawadi. Ndugu yetu mmoja, ambaye ukarimu wake hekalu hili linaujua tangu zamani, amejitolea kuuvisha ukumbi wote zulia la rangi ya zafarani, ukuta hadi ukuta, na kuzizungushia kuta mbao za nakshi za MDF. Ni zawadi ya thamani, na imetolewa kwa moyo. Tulimwendea nyumbani kwake, wazee watatu wa kamati, tukala chakula chake, kisha tukamwambia haya tuliyowaambia nyinyi. Alinyamaza kwa kitambo, akauliza, "Basi pesa zangu zina harufu?" Tulimjibu kwamba pesa zake hazina harufu, na kwamba zingetosha kwa sakafu ya terazo na kwa madirisha ya pande zote mbili ili upepo wa kusi uingie huku na kutokea kule. Hakutujibu ndiyo wala hapana. Yupo hapa leo, nasi hatutaki mumtazame. Zawadi ni yake mpaka aitoe, na kuikubali au kutoikubali ni haki ya mkutano huu, si ya kamati. Tunachoomba ni kwamba kura isipigwe kwa kumwonea haya yeye, wala kwa kutuonea haya sisi.

Ili msitegemee maneno yetu, tumetayarisha kitu. Mezani kule barazani kuna mitungi minane ya kioo yenye vifuniko, ya kuwekea achari, iliyooshwa na kukaushwa vizuri. Ndani ya kila mmoja kuna kipande cha kifaa kinachopendekezwa kwa ukumbi: zulia, mbao za MDF, terazo, lipu ya chokaa, rangi ya maji, rangi ya mafuta, mkeka, na kipande cha lile zulia letu la zamani. Imefungwa tangu juzi, ikiwa imefunikwa karatasi ili msijue kilichomo, na ina namba tu. Fungua mmoja, nusa mara moja, ufunike, uandike katika karatasi kama ungekubali kukaa na harufu hiyo au hungekubali; kisha tembea uani kidogo kabla ya kufungua mwingine. Majirani nanyi mnahesabiwa sawasawa na waumini, kwa kuwa harusi zenu nyingi zitafanyika humo. Karatasi zitahesabiwa na mweka hazina pamoja na mzee fundi, na matokeo yatasomwa kabla ya kura.

Ba ameomba kuwa wa kwanza. Wengine tunawasihi mwende mezani kabla ya chakula, maana baada ya bizari hakuna pua itakayosema kweli.